Mapapai na Tenda ya Barabara

Mwaka ninaoukumbuka ni ule tuliokula mapapai mabichi. Hapa Mabwerebwere utaje mwaka huo kwa mtu yeyote aliyekuwa na meno wakati ule, atakuelewa bila kuuliza zaidi. Mto Mkondoa ulitoka kwenye njia yake, ukaingia kwenye mashamba ya mahindi kama mtu anayeingia kwake, ulipoondoka ukatuachia mchanga. Migomba ililala chini. Mihogo ikaozea ardhini. Kilichobaki kimesimama ni mipapai, sijui kwa nini, maana mti wenyewe ni laini kama mboga. Basi tukayachuma mapapai yakiwa mabichi, tukayamenya, tukayachemsha na chumvi. Asubuhi papai, mchana papai, na jioni, mwanangu, jioni tulibadilisha chakula: tulilikata vipande vidogo zaidi.

Nakuita mwanangu ingawa sijakuona. Kama unasoma haya na una nguvu mikononi, na unatafuta kazi ya kukuweka mjini au shambani, basi maneno haya ni yako. Mimi darasa nililoishia ni la nne, usinitafutie Kiswahili cha magazetini. Lakini nilichokiona nimekiona.

Kikundi chetu cha wanawake kilizaliwa ndani ya mtaro. Mtaro wa mtaa wetu ulijaa matope baada ya mafuriko, maji yakakosa pa kwenda yakaanza kutafuta majiko yetu. Tukaambiwa tuwasubiri wahusika. Tukasubiri. Maji yakabadilika rangi, mbu wakanenepa, tukaendelea kusubiri. Ndipo jirani yangu Mama Tatu akatoka na jembe. Mama Tatu ni Mluguru, mjane, mtani wangu wa siku zote, na mafuriko yale yalikuwa yamebeba ukuta mmoja wa nyumba yake na paa lote. Yeye na wanawe walikuwa wanalala chini ya turubai. Akasimama katikati ya njia akasema kwa sauti, "Wahusika ni sisi. Mbu wanamuuma nani?"

Tukatoka na majembe. Tukainjika chungu kimoja cha papai kwa ajili ya wote, tukazibua mtaro ule mpaka maji yakaondoka. Vijana wa bodaboda kijiweni wakapata la kusema: "Jamani, Mapapai hao! Pisheni Mapapai wapite!" Walidhani wanatutukana.

Tulipokwenda kuandikisha kikundi, wenzangu walikuja na majina mazuri, Upendo, Amani, Mshikamano. Mimi ndiye niliyechaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya uzee wangu, nikasema andika Mapapai. Afisa maendeleo wa kata, binti mdogo mwenye subira, akaniuliza, "Bibi, una uhakika?"

"Mwanangu, jina hilo tumelilipia kwa tumbo. Andika."

Akaandika.

Sasa, aliyetufungua macho kuhusu tenda ni mjukuu wangu Zuhura, aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na simu mkononi. Siku moja tunachambua mchicha, akasema, "Bibi, hii kazi mnayoifanya bure mtaani, serikali inailipia. Kufyeka majani ya barabara, kuzibua mitaro, kusafisha makalavati. Na kuna fungu limetengwa, wakandarasi wakubwa hawaruhusiwi kuligusa. Ni la vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu."

Nikamuuliza, "Limetengwa tangu lini?"

"Siku nyingi, bibi."

"Na mbona sisi hatujalisikia?"

Zuhura akainua simu yake. "Matangazo yako kwenye mfumo, huku mtandaoni."

Unaona hapo? Chakula kimepakuliwa, jina lako limeandikwa kwenye sahani, lakini sahani imewekwa juu ya kabati na mlango wa chumba umefungwa. Sisemi kuna mtu aliyefanya hivyo kwa roho mbaya. Nasema sisi hatukula.

Tukaomba tenda ya kwanza. Zuhura alihangaika na ile simu mpaka macho yakawa mekundu. Mara akaunti ya benki, mara namba ya mlipa kodi, mara mtandao umekata. Tukakosa. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikaenda ofisi ya barabara kuuliza tumekosaje. Nilimkuta kijana mmoja mwenye tai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza habari ya tenda ya barabara. Mimi ni Mapapai."

Alikohoa kidogo ili asicheke. Akatazama kompyuta yake. "Bibi, hapa inaonekana hamna uzoefu."

"Mwanangu, mama yako alipokuzaa wewe, kama ndiye wa kwanza kwake, alikuwa na uzoefu?"

"Hapana, bibi."

"Na walikuandikia cheti cha kuzaliwa, au walimwambia akazae kwanza mwingine ndipo arudi?"

Hapo alicheka waziwazi, na wenzake wa meza za jirani wakacheka. Nami nikamwacha acheke, maana mtu akishacheka na wewe anakuwa na aibu ya kukudanganya. Akanivutia kiti. Akanieleza kwamba tuliomba kazi isiyo yetu, ile ndefu ya makampuni. Kazi za fungu letu ni fupi fupi na haziulizi mambo mengi. Tungejua wapi? Nikamwambia basi tangazo linapotoka, lisikae kwenye huo mfumo peke yake. Libandikwe ofisi ya kata, lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na kule Zombo na Msowero ambako watu wanatembea kwa miguu na baiskeli, mtendaji alisome mkutanoni. "Mimi nakunywa chai kwa sukari," nikamwambia, "na kila ninaponunua sukari nimeichangia barabara hiyo. Sijaja kuomba sadaka." Aliandika. Nilimtazama mpaka alipomaliza kuandika.

Tulikuwa tunasubiri tangazo jingine ndipo alipokuja mgeni.

Simtaji jina lake. Watu walimwita Bwana Tingatinga kwa sababu alikuwa na mitambo ya kuchonga barabara huko Morogoro mjini. Gari lake lilikuwa safi mpaka kuku walijiona ndani yake. Alishuka akatukuta wanawake tumekaa kwangu uani, kwenye mikeka, kila mmoja na papai lake mapajani anamenya.

"Habari za hapa, akina mama?"

Nikamtazama tu. Alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Mama Tatu akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "Baba, hiyo salamu ni ya kijiweni."

Akaelewa, akainamisha kichwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa kaa."

Sitaki umfikirie kama jini la hadithi. Alikuwa mtu mzuri wa mazungumzo, mcheshi, anajua kuulizia watoto. Na alikuja na sufuria la pilau ya kuku. Mwanangu, hebu fikiri: miezi ya papai la chumvi, halafu mtu anafunua sufuria la pilau mbele yako, ule mvuke unatoka na mdalasini wake. Bi Asha wetu alifumba macho kama anayeomba dua.

Tulipokuwa tunakula ndipo aliposema. "Mama zangu, mimi sizunguki. Nyie mna jina. Mimi nina mitambo na vijana wa kazi. Lile fungu la akina mama mimi siruhusiwi hata kulisogelea, si mnaona nimevaa suruali?" Tukacheka wote, hata mimi. "Basi nyie mnaomba kwa jina la kikundi, mnapata, halafu kazi naifanya mimi. Nyie mnakaa hapa hapa kwenye mikeka, chenu kinawafuata. Jua lisiwaguse kabisa."

Mama Tatu aliacha kutafuna. "Na mabati ya nyumba yangu?"

"Mama, mabati yako nitayashusha kabla hata tenda haijatoka."

Nilimwona Mama Tatu akigeuza shingo kulitazama turubai lake lililokuwa linaonekana juu ya ua, lile la bluu, limechanika pembeni na mvua zilikuwa njiani. Macho yote yakahamia kwangu. Mwenyekiti ni mimi.

Naye mwenyekiti, mwanangu, wakati huo hakuwepo pale. Alikuwa amerudi kwenye mashamba ya mkonge, ni msichana mdogo, ameshika kanga ya mama yake.

Baba yangu, Ramadhani, alitoka Tabora kuja kukata mkonge huku kwetu. Mama yangu, Binti Salumu, alikuwa Msagara wa hapa hapa. Mwiba wa mkonge ulimtoboa baba jicho, ukataji ukawa mgumu kwake, ndipo mama akaanza kwenda yeye shambani kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani. Lakini kipande, ile kadi ya kazi, kilikuwa kimeandikwa Ramadhani, kikabaki Ramadhani. Karani akiita asubuhi "Ramadhani!" mama anaitika "Nipo!" na watu wanacheka. Siku ya mshahara anaitwa Ramadhani, anakwenda baba kupokea. Mama alizoea. Vidole vyake viliota sugu ngumu kama kucha, alikuwa akitushika mashavu tunakwepa.

Baba akafariki. Mama alipotoka eda alinichukua tukaenda mashambani akaombe kazi aliyokuwa akiifanya. Nyapara akamtazama kama mtu aliyepotea njia.

"Wewe nani?"

"Si mimi, nyapara? Niliyekuwa naanika singa pale miaka yote hii?"

"Aliyekuwa anaanika ni Ramadhani," nyapara akasema, "na Ramadhani amekufa."

Nilikuwa nimesimama pale. Nyapara hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetaja saa. Kwenye vitabu vyao mama yangu hakuwahi kushika hata uzi mmoja wa singa.

Tulipokuwa tunarudi, mjomba mmoja wa jirani akatufuata njiani, akasema kuna nafasi, mama afanye kazi kwa jina lake yeye, watagawana. Mimi nilikuwa na njaa. Nikavuta kanga ya mama: "Kubali mama, si hela ni ile ile?"

Mama hakuwa mtu wa kupiga watoto. Alisimama, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wangu, akanionyesha vidole vyake. "Hivi vimeanika singa tangu hujazaliwa, na leo nimeambiwa aliyeanika ni marehemu. Wewe unataka nikaanze tena kuwa mtu mwingine? Usinishauri hivyo tena maisha yako yote." Akainuka, akamwambia mjomba asante, tukaenda zetu. Tulilima nyanya. Tulilala njaa siku nyingine, sikudanganyi. Lakini baada ya misimu michache, pale stesheni treni ikisimama, abiria walikuwa wanachungulia dirishani wanauliza, "Ziko wapi zile nyanya za Binti Salumu?" Waliuliza kwa jina. Nilikuwa nabeba kapu nyuma yake, na ile sauti ya watu wakimwita mama yangu kwa jina lake sijaipatia mfano mpaka leo.

Basi nikarudi uani kwangu. Pilau ilikuwa bado mkononi. Nikaimeza kwanza, chakula si cha kuchezea. Nikanawa. Nikamwambia:

"Bwana wangu, tumekushukuru kwa pilau. Chumvi nitakuazima, jembe nitakuazima, jina sikupi."

Akacheka, hakuamini. "Bibi, jina nalo lina uzito gani? Ukiniazima linapungua nini?"

"Kama halina uzito, mbona umelifuata kutoka Morogoro?"

Akawatazama wenzangu mmoja mmoja, akitafuta wa kunisuta. Akainuka, akasema nifikirie vizuri, atapita tena. Nikamwambia sufuria lake litakuwa limeoshwa. Na kweli, alipopita alilikuta limeoshwa, na jibu lilikuwa lile lile.

Usidhani walinishangilia. Mama Tatu alisimama akajipangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Mtani, wewe una paa. Mwenye paa ana maneno mengi." Akaondoka.

Hakukosea, mwanangu. Hilo nalo nataka ulijue. Kukataa kwangu kulinigharimu mimi heshima ya siku chache, lakini yeye kulimgharimu mabati. Mvua ya kwanza ilipopiga, nilikaa kitandani kwangu pakavu nikisikia lile turubai linavyopigapiga. Asubuhi nilimtuma Zuhura akawalete watoto walale kwangu. Watoto walikuja. Mama yao hakuja. Tukikutana bombani ananiamkia shikamoo kamili, ya adabu, bila utani hata kidogo. Mtu aliyezoea kunitukana kila asubuhi akaanza kuniheshimu! Nilijisikia vibaya kuliko kama angenimwagia maji.

Tangazo likatoka. Ijumaa lilisomwa msikitini, na Jumapili Wakristo wakalisikia kwao, na mtendaji wa kata akalibandika ubaoni. Tukaomba. Safari hii tulijua cha kuomba. Tukapata kipisi kidogo cha barabara ya udongo inayoingia Zombo, kuanzia darajani hadi shuleni. Kipisi kilichofuata baada ya shule kilipewa kikundi kingine cha wanawake, ambacho pia sikitaji, maana ni wanawake kama sisi, wenye njaa kama yetu. Bwana Tingatinga alikuwa amefika kwao na sufuria jingine.

Siku ya kwanza ya kazi tulifika alfajiri, umande bado uko kwenye majani. Tulikuwa hatujaanza, nikamwona mtu anakuja na jembe begani, anatembea polepole kama anayekwenda kwenye mambo yake mengine. Ni Mama Tatu.

"Nimekuja kutazama," akasema. "Sijawahi kumwona mwenyekiti mwenye paa akishika jembe."

"Sogea utazame karibu. Upande huu mtaro ndio mrefu."

"Huo mgongo wako utakatika, tukose wa kuzika, maana watani zako ni sisi na sisi leo tuna kazi."

Nilijua amerudi.

Tulifyeka, tukakwatua, tukazibua. Ndani ya kalavati moja tulikuta godoro zima, jamani, godoro la kulalia watu wawili! Mpaka leo najiuliza mwenyewe alilifikishaje mle. Wapita njia kutoka Mikumi wakienda minadani wanapunguza mwendo wanapiga honi. Wanaume wa kijiji wakasimama kando wakitushauri, maana mwanaume akikuona unalima hawezi kunyamaza. Bi Asha akamwambia mmoja, "Baba, ushauri weka chini, shika toroli." Akashika kweli.

Siku ya ukaguzi akaja mkaguzi na pikipiki, mtu mkimya, kofia ngumu kichwani. Akatembea mtaro mzima. Akainama kwenye kila kalavati akachungulia mpaka upande wa pili. Kisha akauliza, si kwa ubaya, ndivyo kazi yake ilivyo: "Hapa amefanya nani?"

Nilifungua mdomo, lakini Mama Tatu alinitangulia. "Mimi. Mimi na hawa. Andika Mapapai."

Mkaguzi akaandika. Nami nikageuka upande wa majani, nikajifanya nafuta jasho. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu amesimama mbele ya nyapara.

Malipo ya kwanza yalipoingia tulikubaliana, bila mabishano marefu, kwamba yaanzie kwa Mama Tatu. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe. Mabati yalipigiliwa, na mvua iliyofuata alinifuata kwangu akiwa ameloa, kutoka kwake mpaka kwangu, ili aje kuniambia kwamba kwake hakuvuji. Tukacheka tukakaa chini.

Na wenzetu wa baada ya shule? Vijana wa Tingatinga walikuja na gari, wakafyeka majani juu juu, barabara ikapendeza kwa macho, wakaondoka. Mitaro hawakuigusa. Mvua kubwa ilipokuja maji yakapanda juu ya barabara yakaikata katikati, wagonjwa wakabebwa mgongoni kuvuka. Wanawake wale wakaitwa. Wakaulizwa kalavati lililoziba liko wapi, wakawa wanatazamana, hawakuwahi kuliona. Simu ya Tingatinga ikawa haipatikani. Kikundi kikafungiwa kuomba kazi.

Nilikwenda kuwasalimu, na unga kidogo kichwani. Mwenyekiti wao, mwanamke wa makamo tu, alinikaribisha, akaupokea unga, akasema, "Bibi, tumefungiwa kwa kazi ambayo hatukuifanya."

Mama yangu alifanya kazi akaambiwa hakuifanya. Huyu hakufanya akaambiwa ameifanya. Wote wawili walimpa mtu mwingine nusu yao, mmoja kazi, mwingine jina, na nusu iliyobaki haikuwatosha.

Siku hizi wale wanawake tunakwenda nao. Wakati adhabu yao haijaisha, walikuja kujifunza kwetu mtaroni, tukala pamoja. Wataomba tena, na mimi nimekwenda na mwenyekiti wao mpaka kwenye ile meza ya kijana mwenye tai kusema kwamba anayekuja kuazima jina naye aulizwe, si mwenye njaa peke yake. Bado tunaifuatilia hiyo habari. Nikifa kabla haijajibiwa, Zuhura anajua mlango.

Mwanangu, nikwambie sasa bila kuzunguka. Lile fungu lililotengwa kwa ajili yako ni lako, kalidai. Nenda ukaulize tangazo liko wapi, na ukiambiwa hujastahili, uliza kwa nini, na usiondoke mpaka umeelewa, hata kama umevaa kandambili. Salimia kwanza, watu wa ofisini nao ni watoto wa watu. Omba kazi unayoiweza, hata iwe kipisi cha kutoka darajani hadi shuleni. Halafu uifanye wewe. Usione aibu ya udogo wake. Aibu ni kusimama juu ya barabara iliyoandikwa jina lako usijue kalavati liko wapi. Na kama wewe ndiye uliyekaa kwenye ile meza, mwanangu mwenye tai, sahani ya watu usiiweke juu ya kabati. Na kama mwenzako hana paa, usimhubirie, mpe watoto wake pa kulala kwanza.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi. Akupe wenzako wa kukutania ukishika jembe vibaya. Nyumba yako isivuje, na jina lako liitwe na watu wanaotafuta kitu kizuri.

Nilitaka kuishia hapo, lakini juzi kaja mwingine. Kijana, gari lake safi kuliko la yule wa kwanza, na safari hii ni biriani. Amefundishwa: aliniamkia shikamoo kabla hata hajafunga mlango wa gari. Mimi si mwenyekiti tena, macho yamechoka, mwenyekiti sasa ni Zuhura. Kijana akakaa mkekani akamweleza maneno yale yale, jina ni lenu, mitambo ni yangu, jua lisiwaguse. Nilikuwa nachambua mchicha, sikuinua kichwa. Zuhura hakuniuliza wala hakunitazama. Alimwacha amalize, akanawa mikono, akasema:

"Bwana wangu, tumekushukuru kwa biriani. Chumvi nitakuazima, jembe nitakuazima, jina sikupi."